Farasi mzee anachechemea: dawa ya kila siku, sindano ya kiungo, viatu, au kumstaafisha?

MamaShaba:
Wakuu, habari zenu. Nina farasi dume aliyehasiwa, anaitwa Shaba, miaka 21, na 13 kati ya hiyo nimekuwa naye. Wiki ya tatu sasa akitoka bandani anakuwa mkavu, viungo vimekakamaa, anachechemea mguu wa mbele wa kulia, halafu akitembea kama dakika kumi analainika. Wengine wananiambia "uzee huo, mzoee". Mwenzangu anasema nimtilie dawa ya maumivu kwenye chakula kila asubuhi, mwingine anaapa kwa sindano ya kiungo, fundi wa kwato anataka tubadilishe viatu, na mama yangu anasema nimstaafishe tu. Mliopitia haya, naomba mnilinganishie. Sitaki aumie kimya kwa ajili yangu.

SaisiMkongwe:
Pole dada. Hizo njia nne ziweke pembeni kwanza, hakikisha ni mguu gani. Najua umeshaona, lakini angalia tena. Mtu amshike kamba ikiwa legevu, kichwa kiwe huru, akimbie naye kwa matiti, yaani mbio za polepole, kwenye njia ngumu iliyonyooka, kwenda na kurudi. Matiti hayafichi, kwa sababu miguu inatua miwili miwili kwa mshazari na kila jozi inatakiwa ilingane na nyingine. Mguu wa mbele ukiuma, kichwa huinuka pale unapotua, kisha hushuka mguu usiouma unapotua. Kwa wa nyuma tazama nyonga: ya upande unaouma hupanda na kushuka kuliko mwenzake. Piga video kwa simu uiangalie polepole. Na sikiliza kwato, maana mguu mzima ndio unaopiga kwa kishindo.

Nakwambia haya kwa sababu niliwahi kumfunga bandeji jike mmoja mguu wa mbele wa kushoto mwezi mzima, namkanda kila jioni, kumbe ugonjwa uko mguu wa nyuma, upande ule ule. Anayeumwa nyuma kushoto huhamishia uzito mbele mguu huo unapotua, na kwenye matiti wakati huo anakuwa amekanyaga mbele kulia. Kichwa kinashukia kulia, nawe unaapa kwamba kushoto mbele ndiko kunakouma. Mwezi mzima nilikuwa nahudumia mahali pasipouma. Mpaka leo nikimkumbuka roho inaniuma.

DaktariWaKwato:
Saisi kasema yote ya macho, mimi niongeze ya vidole. Weka vidole viwili nyuma ya kifundo, pembeni, mahali mshipa wa damu unapopita juu ya mfupa. Farasi mzima aliyetulia, mapigo hayo utayatafuta kwa shida. Yakikugonga kwa nguvu, kuna jambo ndani ya kwato.

Kama ni mguu mmoja, imekuja ghafla na hataki kuukanyaga, mara nyingi ni jipu la kwato. Likifunguliwa usaha ukatoka, ahueni huja upesi, wala hahitaji dawa ya mwaka mzima. Lakini mfupa uliovunjika nao huonekana hivyo hivyo, kwa hiyo msikisie. Kama kwato zote mbili za mbele zina joto, amesimama ameegemea nyuma na anageuka kama anayekanyaga makaa, hiyo ni laminaitisi, yaani uvimbe wa ndani ya kwato: usimtembeze, mwite daktari siku hiyo hiyo, na wakati unamsubiri zipoze kwato kwa barafu.

Kukaza asubuhi na kulainika akitembea, kama Shaba, kunanielekeza kwenye yabisi ya viungo. Sasa ulinganisho wako. Fenilibutazoni ni dawa ya maumivu ya zamani na inafanya kazi, ila ikitumika muda mrefu au kwa kipimo kikubwa inachubua tumbo na utumbo mpana, na figo pia, hasa kwa farasi asiyekunywa maji ya kutosha. Firokoksibi, nayo ya maumivu, hupewa mara moja kwa siku na kwa kawaida tumbo huivumilia zaidi, ingawa figo bado ni za kuangaliwa. Hizo mbili usizichanganye kamwe. Sindano ya kotizoni, dawa ya kutuliza uvimbe, inafika palepale panapouma, lakini ni lazima tujue ni kiungo kipi. Na kwa umri wa Shaba ningepima damu kwanza kutafuta ugonjwa wa Cushing, ugonjwa wa homoni ambao unawapata sana farasi waliovuka miaka 15. Kotizoni kwa mwenye ugonjwa huo inaweza kumletea laminaitisi. Dalili yake moja ni manyoya kutopukutika vizuri; je, ya Shaba yanapukutika kama zamani?

Na tafadhali, kabla hajakaguliwa usimpe hata kidonge kimoja. Daktari atakuja amkute anatembea vizuri, arudi nyumbani hajui kitu.

TandikoLaNgozi:
Mimi nimepitia sindano. Wangu alidungwa kiungo cha mguu wa nyuma. Mara ya kwanza tulipata miezi tisa ya raha, mara ya pili mitano, ya tatu sikuona tofauti yoyote ya maana. Bado ningeifanya tena, maana miezi ile tisa alikuwa anatoka bandani masikio yako mbele. Ila aliyekwambia ndiyo mwisho wa matatizo hakukwambia kwamba inapungua nguvu. Pia kila sindano inayoingia kwenye kiungo ina hatari ya kuingiza vijidudu, ndogo lakini mbaya sana ikitokea, kwa hiyo usafi wa daktari usiuchukulie kirahisi. Unga wa glukosamini, ule wa lishe ya viungo, nilimpa mwaka mzima. Sikuona kitu.

Nyasi_Mbichi:
Naungana na mama yako. Miaka 13 amekubeba, inatosha. Kwa nini atafutiwe dawa ili aendelee kubeba?

SaisiMkongwe:
Ndugu, moyo wako mzuri, lakini kumstaafisha hakuondoi maumivu. Yabisi inamuuma akiwa na tandiko na asipokuwa nalo. Nimeona wazee "waliopumzishwa" wakafungiwa bandani siku nzima, ndani ya miezi miwili hawawezi hata kulala chini kwa sababu kuinuka ni shida. Kiungo chenye yabisi kinataka kutembea kidogo kidogo kutwa. Akiwa nje na wenzake, anapata tiba ambayo hakuna kidonge kinachompa.

DaktariWaKwato:
Kweli kabisa. Kuhusu kumpanda, tusiamue kwa huruma peke yake wala kwa tamaa yetu. Daktari Sue Dyson wa Uingereza na wenzake walitengeneza orodha ya tabia 24 za farasi aliyepandwa: masikio kulala nyuma, mkia kupiga huku na huku, kufungua mdomo, kugoma kwenda mbele, macho kukodoa, na nyinginezo. Zikionekana nane au zaidi, uwezekano ni mkubwa kwamba anaumwa mifupa, viungo au misuli. Wengi tulikuwa tunaziita ukorofi tukaongeza fimbo.

Nyasi_Mbichi:
Hapo nimekuelewa, daktari. Nilikuwa nafikiria habari ya mgongoni tu. Mimi mwenyewe nina mzee anayelala bandani kutwa, kesho namtoa.

MamaShaba:
Asanteni sana, narudi na majibu. Daktari wa kwetu alikuja wiki iliyopita. Video ilikuwa sahihi, mbele kulia. Mapigo ya kawaida, kwato haina joto. Ili ajue panapouma, alimganzisha mishipa ya fahamu chini kabisa, karibu na kisigino cha kwato, akamkimbiza: bado anatikisa kichwa. Akapanda juu, usawa wa kifundo, tukasubiri, akamkimbiza tena. Kichwa kikatulia. Nilisimama pale machozi yananitoka, kwa sababu ndipo nilipojua ni muda gani alikuwa anaumwa. Nilikuwa nimeshausahau mwendo wake halisi.

Eksirei ikaonyesha yabisi kwenye kiungo kilicho kati ya kifundo na kwato, na mfupa mpya umeota pembeni. Majibu ya damu bado, kwa hiyo sindano tumeiahirisha. Kwa sasa yuko kwenye firokoksibi, na daktari atapima figo zake tena baadaye. Fundi wa kwato naye alikuwa na hoja: amempunguza ncha na kumtia kiatu kilichoviringwa mbele ili mguu ung'oke chini kwa urahisi, na atakuwa anakuja kila wiki sita badala ya kumi tulizokuwa tumezoea. Matembezi ya kawaida kila siku, moja kwa moja, hakuna kumzungusha kwenye duara dogo, maana kona kali ndizo zinazokinyonga hicho kiungo. Kumpanda, hapana kwanza.

TandikoLaNgozi:
Hongera kwa kusubiri. Unaona dalili yoyote?

MamaShaba:
Siku ya kumi leo. Asubuhi nimemkuta amelala kwa ubavu kwenye majani makavu, miguu ameinyoosha, jambo ambalo sijaliona tangu masika. Nikasimama mlangoni. Aliponiona akainuka kwa mara moja, hakujaribu akaanguka kama alivyokuwa anafanya, akajikung'uta, akaja kunusa mfuko wangu. Kwenye hatua tano za kwanza bado ni mkavu. Manyoya, daktari, yanapukutika vizuri. Majibu ya damu yakitoka nitayaweka hapa.