Naomba ushauri: niendelee na The Walking Dead baada ya kifo cha Glenn?

Ndugu wapenzi wa tamthilia, mimi na mdogo wangu tumekwama mwanzoni mwa msimu wa saba wa The Walking Dead, tamthilia ya Marekani kuhusu manusura katika dunia iliyojaa mazombi, pale Negan, kiongozi wa kundi la maadui, anapowaua manusura wawili, Abraham na Glenn, kwa gongo la besiboli lililozungushiwa seng'enge.

Kifo chenyewe si tatizo langu. Carol, mmoja wa manusura, alipompiga risasi msichana Lizzie katika msimu wa nne nililia, lakini nilimwelewa, kwa sababu mtoto yule alikwisha kumuua mdogo wake na asingeweza kuachwa karibu na kichanga Judith. Kinachoniudhi ni kuchezewa: katika msimu wa sita tuliaminishwa kwamba Glenn ameliwa na mazombi, kumbe amejificha chini ya pipa kubwa la taka, kisha msimu ukafungwa bila kuonyesha nani anapigwa, na watazamaji wa mwaka 2016 wakasubiri jibu kuanzia Aprili hadi Oktoba.

Mdogo wangu anawatetea waandishi, akisema kwamba hata katika kitabu cha katuni ambacho tamthilia hii imetokana nacho Glenn hufa hivyo hivyo. Sawa, lakini nimekwisha kudokezewa (na jirani asiyejua kunyamaza) kwamba Carl, mtoto wa mhusika mkuu Rick, ambaye kitabuni huishi hadi mwisho, anakufa katika msimu wa nane.

Kwa mliomaliza misimu yote 11, naomba mnishauri: je, uchungu wa Maggie, mke wa Glenn, unapewa uzito unaostahili, na mabadiliko ya Negan yanaaminika, au niishie hapa?