KALAMBA KIDOLE AKASUGUA BANGO LANGU LA BESIBOLI!!!

Mzee wa Kadibodi:
Wakuu naandika mikono bado inatetemeka, nimetoka sasa hivi soko la vitu vya kale la Jumapili, huku huku New Jersey, na mnamjua ninayemsema sina haja ya kumtaja, yule bwana wa meza ya pembeni anayejiita mtaalamu. KALAMBA KIDOLE. Kalamba dole gumba akalisugua kwenye bango langu.

Si karatasi ya pizza ile. Ni kadibodi ya kutangaza tumbaku ya miaka ya 1910, enzi kampuni za sigara Marekani zinatia kadi za wachezaji ndani ya pakiti, zile wakusanyaji wanaziita T206, za 1909 hadi 1911, ambazo moja ya mchezaji Honus Wagner imeshauzwa zaidi ya dola milioni 6. Langu mchezaji kasimama na gongo begani, mashavu mekundu, kona moja imeliwa na panya, nimelifukuzia miaka mitatu na nimekula maharage miezi mitano ndo nikalipata. Nilimpelekea anipe bei ya fremu tu. Fremu! Akalitazama kwa jicho moja kama anakagua maiti, akasema "kopi ya juzi hii", halafu mbele ya watu kama elfu tisa na mbwa wao akalamba kidole, eti kama ni wino wa printa utatoka. Haukutoka! Ila mate yake yameacha duara kwenye shavu la mchezaji wangu, kadibodi imevimba, ukiliinamisha kwenye mwanga unaliona.

Lenzi ya sonara ninayo mfukoni, angeomba tu. Unaiweka kwenye herufi: chapa ya zamani ya jiwe, ile picha inachorwa juu ya jiwe ndo inapigwa karatasini, wino umeshiba, ukingo safi, kopi ya siku hizi unaona vidoti vimejipanga kama vijiua, bluu, pinki, njano, nyeusi, mpaka ndani ya herufi. Tochi ya kukagulia noti feki nayo ninayo, karatasi za kabla ya Vita Kuu ya Pili haziwaki maana hazikutiwa ile dawa ya kung'arisha weupe, kopi inawaka kama shati jeupe disko. Dakika mbili unamaliza bila tone la mate. Yeye kalamba kidole.

Na kinachoniua kabisa, nyuma yake kaning'iniza bati la tangazo la soda, Babe Ruth, yule nyota wa timu ya Yankees, kageuza mgongo, chini limeandikwa 1923, dola 400, na mgongoni ana namba 3. NAMBA 3! Yankees wameanza kuvaa namba mgongoni 1929, na Ruth alipewa 3 kwa sababu ndo alikuwa wa tatu kwenda kupiga. Kutu nayo imezunguka matundu yote manne ya misumari sawasawa kama imepakwa na brashi. Huyo ndo kalamba kidole kuniambia mimi nina kopi.

Sitaki ushauri. Nataka mjue.

Kipanga:
Uzi bila picha ni chai. Weka shavu tulione.

Mzee wa Kadibodi:
Nimelibana kati ya karatasi za kufyonza na vitabu viwili vizito, silitoi mpaka kesho.

Chuma cha Reli:
Maharage miezi mitano kwa kadibodi iliyoliwa na panya? Shemeji anajua?

Mtani:
Gongo begani tena? Si huwa linakaa kwenye kidumu?

Dada wa Newark:
Mtani acha utani mwenzako kaumia. Huyo bwana namjua vizuri, mimi kaniuzia bango la mechi la "1925", nafika nyumbani naona anwani ya kampuni ina zip kodi, zile namba za posta za Marekani. Zip kodi zimeanza 1963! Nimemrudishia ananiambia kampuni ile ilikuwa imeendelea.

Mzee wa Kadibodi:
Alilamba kidole?

Dada wa Newark:
Hakulamba. Aliliegemea na kikombe cha chai.

Kijana wa Likizo:
Nyie afadhali. Mimi nilivyorudi nyumbani likizo nikanunua kinyago cha mpingo, nikampa bosi wangu zawadi, kikamwagikiwa kahawa mezani mbele yangu, mpingo ukawa mweupe. Kumbe kiwi!

Chuma cha Reli:
Hukusikia harufu?

Kijana wa Likizo:
Niliisikia, nikajua ndo harufu ya mpingo.

Kipanga:
Mpingo wa kweli unazama kwenye maji, ungejaribu kabla hujalipa.

Mzee wa Kadibodi:
Jamani uzi ni wa bango langu.

Dada wa Newark:
Sasa Kipanga hapo dukani utajaribia wapi?

Kipanga:
Beseni. Wenye mpingo wa kweli wanakuletea wenyewe.

Kijana wa Likizo:
Mimi niliomba maji ya kunywa tu wakaninunia.