Bangili za katani: mteja anasema si katani

Msusi wa Tanga
Habari zenu, ndugu zangu. Kwa miaka miwili sasa nasuka bangili na mikufu ya katani nyumbani na kuwauzia watalii. Hapa kwetu ukisema katani, kila mtu anaelewa nyuzi za mkonge. Mwezi uliopita mteja wa Marekani aliniagizia bangili 40 na fulana chache za katani, lakini nilipompelekea sampuli alilalamika kwamba inamwasha mkono na kwamba hiyo si katani aliyoikusudia. Je, anataka kitu gani, nami naweza kukitengeneza?

Mkaazi wa Minnesota
Ndugu, neno ndilo limewakosanisha. Katani anayoikusudia (kwa Kiingereza hemp) hutoka kwenye ganda la shina la mmea wa jamii moja na bangi, ambalo huvundikwa mpaka nyuzi zilegee, na ndiyo maana kitambaa chake hukaribia kitani kwa ulaini. Huku Marekani sheria ya kilimo ya mwaka 2018 iliuruhusu mmea huo, mradi kiambato chake cha kulevya (THC) kisizidi asilimia 0.3, na wasusi wadogo hununua uzi wake madukani bila shida. Kwenu bangi imekatazwa na sheria ya mwaka 2015, na askari atakayeikuta shambani hatakuwa na kipimo cha asilimia mfukoni, kwa hiyo usithubutu kuipanda.

Mama Viondo, Machakos
Mwanangu, fulana zikatae leo hii, kwa sababu mkonge ni uzi wa jani, mgumu kama unywele wa farasi, na hakuna namna ya kuufanya uvalike kifuani. Bangili lakini zinaokoleka. Nadhani unatumia kamba ya dukani, ile ya kufungia mizigo, ambayo vincha vyake huchomoza kila upande na kuchoma ngozi. Nunua singa zenyewe, yaani nyuzi za mkonge ambazo hazijasokotwa, uzioshe, uzichane, kisha usokote juu ya paja uzi mwembamba wa nyuzi mbili zilizopindwa pamoja, kama tunavyofanya kwa viondo, vikapu vyetu vya kusuka. Ukimaliza kusuka, pitisha bangili haraka juu ya moto wa mshumaa ili vincha viungue, halafu uipake nta ya nyuki. Badala ya kibanio cha chuma, weka tanzi upande mmoja na ushanga mkubwa upande wa pili. Na kabla ya kutaja bei, hesabu muda wa kusokota, maana bangili moja yenye mafundo ya karibukaribu hula zaidi ya mita 2 za uzi.

Msusi wa Tanga
Nawashukuru, hasa wewe Mama. Nimemwandikia mteja kwamba fulana siziwezi na kwamba bangili ni za mkonge, nami kwenye kijikaratasi cha bei nimefuta neno katani. Amekubali kuona sampuli mpya. Jana usiku nimesokota uzi wa bangili tatu, na paja limechubuka. Je, nyinyi huanza na uzi mkavu au mnaulowesha kwanza?

Mama Viondo, Machakos
Uloweshe kidogo, na usokote kwa kiganja, si kwa vidole.