Kidole cha sanamu wavunje wao, elfu ishirini nilipe mimi??

Wakuu nimevurugwa, acheni nitoe ya moyoni kabla sijaropoka kwa wodeni nikatolewa hosteli.

Chuoni kwetu (sikitaji, ni humuhumu Dar) kuna sanamu ya mwanafunzi kashika kitabu, zege tupu limepakwa rangi ya shaba. Eti usiku wa kuamkia yuii (mtihani wa mwisho wa muhula) lazima uisugue kidole gumba cha mguu ndo hupati sapu, yaani kurudia mtihani. Fesi yia nami nilisugua, nikala sapu mbili. Sasa juzi baada ya dabi wajinga wakaivalisha jezi nyekundu, wenzao wakaja na ndoo ya rangi ya kijani, kuvutana kidogo mmoja kaning'inia mguuni kidole kikang'oka chote, nondo imebaki imechomoza utadhani mfupa wa kuku. Mlinzi anafika watu wamesepa.

Asubuhi tangazo: bloku nzima kila kichwa elfu ishirini, hulipi hupewi namba ya mtihani. Mimi usiku huo nililala Kimara kwa bamkubwa, tiketi ya mwendokasi ninayo, wodeni kaigeuza geuza akasema "kijana, hii haina jina lako". Na bumu (hela ya mkopo) halijaingia! Hizo ni sahani kumi za wali maharage kwa mama ntilie jamani.

Halafu kuna jamaa hapo kimbwetani tunakojisomea ananiambia tulia mwanangu, hata Harvard Marekani wanasugua kiatu cha John Harvard. Nani kakudanganya? Wanaokisugua ni watalii, wanafunzi wenyewe wanajulikana kwa kwenda kukikojolea usiku! Na sanamu lenyewe la 1884 wanaliita la uongo mara tatu, limeandikwa mwanzilishi 1638 wakati chuo ni cha 1636, jamaa hakuwa mwanzilishi, na sura si yake, mchongaji alimkalisha mwanafunzi tu kwa sababu picha ya John haikuwepo. Ndo mnaloiga hilo? Tena lile shaba, letu zege!!

Mngekuwa wababe kweli mngeenda Posta pale Samora, sanamu la Askari limesimama tangu 1927 na singe yake, mkalivalishe jezi mchana kweupe tuone.

Mwenye uzoefu anisaidie, naanzia serikali ya wanafunzi au niende kwa dini (mshauri wa wanafunzi) moja kwa moja? Mwisho wa kulipa Ijumaa. Na wewe uliyening'inia najua unasoma huu uzi, kidole umekificha kwenye ndoo ya kufulia, nimekiona.