Laki nne: nikalipie studio au ninunue maiki nijirekodi demo nyumbani?

Msumari_Mikindani: Wakuu, habari za jioni. Natunga na kuimba mwenyewe, daftarini zipo nyimbo kumi na moja, ila kutengeneza biti sijui hata pa kuanzia. Hela ya korosho imeingia, nimetenga laki nne. Niende studio Mtwara mjini au ninunue maiki? Kipi bora?

Bi_Chikongola: Kaka, hujasema una simu gani, unapiga chombo gani, wala demo unampelekea nani. Tukujibu nini sasa?

FundiRedio: Na laki nne ni ya nyimbo zote au mmoja?

Msumari_Mikindani: Samahani. Simu ni Android. Gitaa kavu napiga kidogo, la kuazima. Demo ni ya kumsikilizisha prodyuza ajue wimbo unakwendaje.

FundiRedio: Basi hela yako itulize. Pakua BandLab, programu ya kurekodi muziki kwenye simu, ni ya bure. Rekodi gitaa kwanza, halafu sauti juu yake. Vaa earphone za waya. Za bluetooth zinachelewesha, utajikuta unaimba nyuma ya mdundo kila mstari. Prodyuza anatafuta melodi na maneno, mengine ni kazi yake.

Mtoto_wa_Masasi: Tafuta iPhone ya mtumba, ina GarageBand, programu ya kurekodi ya iPhone, hata wapiga ngoma wa kompyuta wamo humo humo. Hutajuta.

FundiRedio: Mtu kasema ana Android.

Mtoto_wa_Masasi: Nimesema atafute!

Bi_Chikongola: Mimi studio nilikwenda, tena na hela mkononi. Nyimbo tatu, nikalipa zote siku ya kwanza, ndio ujinga wenyewe. Wimbo wangu ulikuwa wa taratibu, wa kumlilia marehemu bibi. Prodyuza akasema taratibu hauuzi, akanitolea biti alilokuwa nalo tayari, la kuchezeka. Nikaimba msiba huku kiuno kinataka kwenda. Miezi miwili baadaye nasikia biti lile lile kwenye bodaboda, kaimba mtu mwingine. Nikarudi kudai angalau sauti yangu peke yake niipeleke kwingine, naambiwa kompyuta ilikufa. Nilichobaki nacho ni MP3 ya WhatsApp. Mkienda, lipeni nusu, na msitoke bila faili la WAV, lile lisilopunguzwa ubora, la sauti tupu.

Msumari_Mikindani: Pole sana dada. Na maiki ya BM-800 je? Nimeiona dukani, bei nafuu.

FundiRedio: Hiyo ni kondensa, inataka umeme wa volti 48 kutoka kwenye kifaa chake. Ukiichomeka kwenye simu hivi hivi utapata sauti ya mtu aliye kisimani. Kama lazima ununue, chukua ya USB, na uliza kwanza kama simu yako inaipokea.

Mzee_wa_Kwaya: Vijana, hamjazungumzia bati. Mvua ikianza hamna cha BandLab wala maiki. Rekodi sasa, usiku, chumba chenye godoro na nguo nyingi, simu isimame shibiri moja na nusu kutoka mdomoni. Halafu laki nne hiyo, mbona sioni salfa, dawa ya mikorosho, kwenye hesabu? Ugonjwa wa ubwiri unga ukiipiga mikorosho, mwakani utaimba nini?

Msumari_Mikindani: Mzee, mikorosho ni ya baba, yangu michache tu.

Mzee_wa_Kwaya: Michache ndiyo iliyokupa laki nne.

Bi_Chikongola: 😂😂 Hapo kakukamata.

Mtoto_wa_Masasi: Achukue tu biti la bure YouTube aimbie.

FundiRedio: La bure kwa mazoezi. Ukitaka kuuza wimbo, mengi unatakiwa ulipie leseni kwa aliyelitengeneza. Soma maelezo chini ya video.

Msumari_Mikindani: Jana usiku nimejaribu wimbo mmoja. Gitaa limefunika sauti, na jogoo wa jirani kaingia kwenye kiitikio. Maiki bado inanivutia, sisemi uongo.

FundiRedio: Maiki itamnasa jogoo vizuri zaidi. Sogeza simu mbali na gitaa, mdomo uwe karibu.

Mtoto_wa_Masasi: Mzee wa Kwaya, huko kwenu mmeshaandikishwa salfa ya msimu ujao?