Kampuni za kuhamisha vyombo Dar: kwenye simu laki 3 na nusu, getini laki 6 na 78 elfu. Huu ni wizi wa mchana kweupe!

Wakuu, habari zenu.

Mods naomba msiuunganishe uzi huu na ule wa madalali. Dalali tunamjua, anakula kodi ya mwezi mmoja na anakwambia kabla hujaona hata choo. Ninaowaongelea hapa ni hawa wa Instagram, wenye fulana za nembo na picha za makochi yaliyofungwa nailoni yakapendeza. Jina la kampuni silitaji, sina hela ya wakili. Waliokwisha kupigwa nao watawajua kwa mtindo.

Nilikuwa nahama Sinza kwenda Goba. Sinza nilikuwa ghorofa ya tatu, lifti hakuna, na hilo niliwaambia. Niliwarushia video WhatsApp, chumba kwa chumba, ngazi zote, mpaka ile kona ambayo kabati la milango mitatu liligoma kupita siku naingia. Lokesheni ya Goba niliwatumia, nikaandika kabisa kwamba kutoka barabarani mpaka getini ni kichochoro, kirikuu (kale kapikapu kadogo) inaingia, kenta haiingii. Jibu lao ninalo hadi leo: "Tumeona dada, 350,000 kila kitu, usijali kabisa." Nikatuma advansi 150,000 na ya kutolea juu yake, maana siku hizi ukituma bila ya kutolea unaonekana hujatuma.

Asubuhi yake raha tupu. Vijana wamekuja, wamefungua kitanda, wamefunga vyombo, msimamizi anachombeza tu, "dada una vitu vizuri, hongera." Hakuna aliyetaja hela. Vyombo vikapanda kenta, turubai likafungwa, mimi nikamkabidhi mwenye nyumba funguo zake. Kurudi hakuna.

Tumefika Goba, dereva kazima gari pale kwenye kona. Msimamizi kashuka na karatasi. Ngazi: 20,000 kila ghorofa, 60,000. Kufungua na kufunga kitanda na kabati, 40,000. Maboksi na nailoni, 45,000 (na maboksi yenyewe baadaye waliondoka nayo!). Kubeba kutoka kwenye kona hadi getini, 50,000. Kusubiri kwenye foleni ya Makongo, 30,000, yaani foleni ya Dar nailipia mimi. Ukijumlisha na ile 350,000 inakuwa 575,000. Halafu chini kabisa, kwa mwandiko mdogo, VAT asilimia 18, 103,500. Jumla kuu 678,500.

Nikamwambia, kaka, tulikubaliana laki tatu na nusu kila kitu, ujumbe huu hapa soma. "Dada, ile ilikuwa ya usafiri tu. Hizi ni gharama za kazi. Mimi nimetumwa, ongea na ofisi." Napiga ofisini, inaita mpaka inakata. Yule wa "usijali kabisa" yuko hewani WhatsApp, tiki za bluu zote mbili, kimya. Huku vijana wamefunua turubai nusu, wamekaa kwenye kochi langu juu ya gari, mmoja kavua kandambili kajinyoosha kabisa. Mawingu yameshatanda upande wa Madale. Godoro la mtoto lipo juu ya kila kitu.

Ndiyo biashara yao ilipo, wakuu. Bei haikusahaulika, ilikuwa inasubiri vyombo vipande gari. Angenitajia 678,500 asubuhi pale Sinza ningemwambia nenda zako, nikaita mwingine. Ananitajia Goba kwa sababu anajua siwezi kushusha friji peke yangu na siwezi kurudi nilikotoka.

Sasa kwenye VAT ndiyo mje mcheke. Nikasema sawa, VAT nalipa, nipe risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi. "Mashine iko ofisini." Nikamwambia basi VAT nitailipa ofisini, ikitoka risiti. Akakuna kichwa, akaenda pembeni kuongea na simu (ofisi hiyo hiyo isiyopokea simu zangu), akarudi: "Dada, hiyo ya VAT tuiache, nakusaidia tu." Ananisaidia! Kodi ya serikali inasamehewa na msimamizi wa kenta, kichochoroni Goba. TRA, mko wapi? Kama mtu anaweza kuitoa kwa kukuna kichwa, basi haikuwa kodi tangu mwanzo.

Tukavutana mpaka matone ya kwanza yakaanza kudondoka. Mwisho nimelipa jumla 540,000 na nikaandika kwenye karatasi yao kwamba nalipa ili vyombo vishushwe, sijakubaliana na bei. Wale mtakaosema "ulilipa mwenyewe", Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, inatambua kwamba kuzuia mali ya mtu isivyo halali ili akubali ni kumshurutisha, na makubaliano ya namna hiyo aliyeshurutishwa anaweza kuyakataa.

Kilichoniuma zaidi kuliko hela ni hiki. Wakati wanaingiza kabati, kijana mmoja, yule aliyelibeba mgongoni kutoka ghorofa ya tatu kamba ikimkata bega, aliniomba maji. Nikampa, nikamwambia poleni, angalau hela ya ngazi mtapata. Akaangalia kama msimamizi yuko mbali. "Hela gani ya ngazi, dada? Sisi elfu kumi na tano kutwa, ghorofa au chini, ile ile." Kwa hiyo 60,000 ya ngazi inalipwa kwa nani, ngazi zenyewe? Sina ugomvi na vibarua hata kidogo. Nikawapa hela ya soda mkononi, msimamizi asione.

Kabati lenyewe limefika na mlango mmoja umekwaruzwa mpaka mbao inaonekana. Nikaambiwa hukulipia bima. Bima ipi? "Ipo kwenye vigezo na masharti." Vigezo na masharti viko nyuma ya karatasi ile ile niliyopewa kule kwenye kona, vyombo vikiwa juu ya gari. Nani anasoma masharti ya safari baada ya safari kuisha?

Malalamiko napeleka FCC, Tume ya Ushindani. Sheria ya Ushindani ya 2003 inakataza mfanyabiashara kumpotosha mteja, na "350,000 kila kitu" ninayo kwenye simu na tarehe yake. Wakinizungusha, Mahakama ya Mwanzo ipo, na pale huhitaji wakili.

NIONGEZE: naona mmeshaanza na "ungechukua kirikuu na vijana wa kijiweni". Mna hoja, kwa kweli. Wale wa kijiweni mnagombana bei nusu saa, mnatukanana kidogo, ila mkishakubaliana ndiyo hiyo hiyo mpaka kijiko cha mwisho. Nilienda kwa kampuni kwa sababu ya friji na vyombo vya udongo, nikadhani fulana za nembo zina adabu.

Na wewe uliyeandika "ungeuliza kwanza", rudi aya ya pili, usome taratibu.

Mwenye kampuni au dereva aliyewahi kumhamisha mtu kwa bei ile ile aliyoitaja mwanzo, aje PM na namba. Mama mkwe anahama Tabata mwisho wa mwezi, ana makabati mawili na mashine ya kufulia, na yule mama hakuna msimamizi atakayemzimia gari kwenye kona akabaki salama.