Mrejesho: kupika kwa bei nafuu kwenye jiko la plati moja

Wakuu, niliuliza nitakulaje kwa gharama ndogo wakati nina jiko la umeme la plati moja, sufuria mbili na chupa ya chai, friji sina. Asanteni sana wote, hata yule aliyenijibu "oa".

Ushauri uliolipa zaidi ni wa blanketi. Wali ukichemka dakika chache nauepua, naufunika vizuri, naviringisha sufuria kwa taulo na blanketi zito. Joto lililobaki linauivisha, huku plati iko wazi kwa mboga. Sikuamini mpaka nilipofunua.

Dengu nyekundu zilizokobolewa nazo ni mkombozi: hazihitaji kulowekwa na zinaiva upesi.

Maharage kwenye chupa ya chai yaligoma, yakabaki magumu. Na aliyeonya kuhusu maharage mekundu yuko sahihi: yana sumu ya asili ambayo joto la chupa haliimalizi. Sasa nayaloweka usiku kucha, namwaga yale maji, nayachemsha kwa maji mapya yakitokota kwa dakika zisizopungua 10, ndipo nayafunga kwenye blanketi. Bado baadaye lazima niyarudishe motoni, kwa hiyo umeme unaookolewa hapo si mwingi kama kwenye wali.

Kupika kingi kwa mpigo nimeacha. Bila friji, wali uliolala unaweza kukuharibu tumbo hata ukiupasha, basi napima cha kuisha siku hiyohiyo.